Mpokea simu ana gari moja: namna ya kutoa taarifa ya ujangili ikafanyiwa kazi

Kwa miaka 11 nilikaa kwenye chumba cha mawasiliano cha kituo cha askari wanyamapori. Meza moja, redio, simu mbili, ramani ukutani na kitabu cha matukio. Kazi yangu ilikuwa kupokea taarifa, kisha mimi na kiongozi wa zamu tunaamua gari liende wapi. Nasema gari, si magari, kwa sababu usiku mwingi lilikuwepo moja tu lenye mafuta na askari wa kutosha. Zikiingia simu tatu, mbili zinasubiri.

Naanza na hilo kwa sababu watu wengi hudhani anayepokea simu hawaamini, au hajali. Wapo wasiojali, nitawafikia. Lakini mara nyingi kuamini si tatizo. Anachohangaika nacho ni kuchagua, na kazi yako wewe unayepiga ni kumpa sababu ya kuchagua simu yako.

Usiku mmoja mwanamume alipiga akihema. "Wanaua wanyama huku!" Huku wapi? "Huku porini, karibu na mto." Mto huo ulipita kwenye eneo letu kwa zaidi ya kilomita 60. Kabla sijauliza la pili simu ikakatika, na nilipoipiga haikupatikana tena. Siku ya tatu doria iliona tumbusi wakizunguka angani. Chini walikuta mabaki ya nyati wawili, vichanja vya kukaushia nyama na majivu yaliyokwisha kupoa. Yule mtu alisema kweli tupu, na sisi tulikuwa tayari kwenda. Linaniuma mpaka leo. Yote ninayoyaandika hapa nayaandika nikimfikiria yeye.

Kwanza, namba. Itafute leo, ukiwa umetulia. Ndani ya hifadhi, namba ya kwanza ni ya mamlaka ya wanyamapori ya eneo hilo, kwa kuwa wao ndio wana askari karibu. Nje ya hifadhi, mara nyingi polisi hufika mapema zaidi. Kama ni bandari, uwanja wa ndege au mpaka, watu wa forodha wana uwezo wa kuzuia mzigo. Hifadhi namba mbili za ofisi tofauti, na upige mchana mmoja kuuliza tu kama bado zinatumika na kama usiku zinapokelewa. Nimekutana na namba zilizochorwa kwenye mabango makubwa kabisa ambazo hakuna aliyezipokea tangu bango lisimamishwe. Watu wengine huandikia Interpol, shirika la kimataifa la polisi, au sekretarieti iliyoko Geneva ya CITES, mkataba wa kimataifa wa biashara ya wanyama na mimea pori. Hao hawana askari wa kutuma. Interpol hufanya kazi kupitia polisi wa kila nchi, na chini ya CITES kila nchi mwanachama ina mamlaka yake ya kusimamia biashara ya wanyama na mimea pori. Anza na walio karibu nawe.

Sentensi ya kwanza

Mpokeaji akishika simu anataka kujua jambo moja kabla ya mengine: linatokea sasa, linakaribia kutokea, au limeshapita? Mwambie hilo kwanza. "Ujangili unaendelea sasa hivi." Au: "Kuna nyama imefichwa, na nadhani itaondolewa usiku huu." Au: "Nimekuta mzoga wa zamani." Zote tatu ni taarifa nzuri, ila zinahitaji watu tofauti kwa kasi tofauti. Wapigaji wengi huanza na hadithi: walikuwa wanatoka wapi, wanaenda kumwona nani. Simu inaweza kufa wakati bado wako kwenye salamu.

Usikuze jambo ili gari lije haraka. Nilishapokea mtu aliyesema amewaona watu sita wenye bunduki, na askari walipofika wakakuta vijana wawili na mbwa. Kesho yake mtu huyo huyo akipiga, unadhani kiongozi wa zamu atafanya nini? Tena askari wanaoambiwa kuna bunduki huingia kwa namna nyingine kabisa, vidole viko karibu na risasi, na mtu anaweza kufa kwa neno lako moja. Tenganisha unachosema kwa vitenzi vitatu: niliona, nilisikia, nadhani. "Nilisikia milio mitatu. Niliona tochi mbili. Nadhani ni watu zaidi ya wawili." Mpokeaji mzuri huyaandika hivyo hivyo.

Halafu kumbuka kwamba mlio wa bunduki peke yake si ujangili. Sehemu nyingi duniani kuna uwindaji wa vibali, na kuna wakulima wanaofukuza wanyama mashambani. Toa taarifa ya ulichosikia, uwaachie askari wakaangalie kibali. Usimtaje jirani kwa jina kwa kuwa tu hampatani. Nimeona nyumba ikipekuliwa kwa taarifa ya aina hiyo, watoto wakitazama, na hapakuwa na kitu.

Wapi, na lini

Hapa ndipo taarifa nyingi hufia, kwa hiyo nitakaa kidogo.

Simu nyingi za kisasa hupata mahali ulipo kwa setilaiti hata pasipo mtandao wa simu. Fungua ramani, bonyeza kwa muda kwenye kidoti kinachoonyesha ulipo, na utaona namba mbili: latitudo na longitudo. Ziandike kwenye karatasi kabla ya kupiga. Ukisoma, soma tarakimu moja moja, ukitaja na nukta. Tarakimu nne baada ya nukta zinatosha kabisa, kosa lake halizidi mita 11 hivi.

Makosa mawili yalinirudia mwaka hadi mwaka. La kwanza ni alama ya kutoa. Kusini mwa ikweta latitudo huanza na alama hiyo, na magharibi ya mstari wa sifuri longitudo nayo hivyo hivyo. Mpigaji akiiruka, namba zake zinanipeleka upande mwingine wa dunia. Kama huna hakika, sema kwa maneno, "kusini" au "mashariki". Kosa la pili ni kuchanganya digrii za nukta na digrii za dakika. Digrii 12 na dakika 30 ni sawa na 12.5, kwa sababu digrii moja ina dakika 60. Ukinisomea 12.30 umenikosesha digrii 0.2, na hizo ni kama kilomita 22. Gari litakwenda, litazunguka, litarudi, na wewe utabaki ukilaumu. Nisomee kilichoandikwa kwenye skrini kama kilivyo, pamoja na alama zake.

Namba peke yake hazitoshi, kwa sababu gari halipai. Niambie njia ya kufika: tunaingilia wapi, tupo upande gani wa mto, daraja linapitika, geti limefungwa? Mama mmoja aliniambia, "Msipite njia ya chini, wataona taa zenu kutoka mlimani. Zimeni, mpitie nyuma ya shule." Sentensi hiyo ilitufaa kuliko setilaiti zote.

Saa nayo ina mitego yake. "Saa nane" bila kusema mchana au usiku haina maana kwa mtu anayeandika, na akiwa wa kuhesabu saa kuanzia usiku wa manane, ndiyo kabisa. Sema "saa nane usiku wa kuamkia Jumanne". "Jana usiku" iogope, kwa maana mtu aliyekesha na mtu aliyeamka alfajiri hawana jana moja.

Simu nzuri inayokaa dakika moja na kidogo inasikika hivi:

"Ujangili unaendelea sasa. Nimesikia milio mitatu ya risasi, wa mwisho saa nne na robo usiku huu. Nipo kwenye daraja la mbao, ng'ambo ya mashariki. Milio imetoka upande wa juu wa mto, nakadiria kilomita moja. Nimeona tochi mbili. Chini ya daraja kuna pikipiki nyekundu imefichwa, haina namba, kiti kimechanika. Ninaondoka hapa kuelekea barabara kuu. Chaji ya simu ni nusu, mtandao unashika barabarani. Nipigie baada ya dakika ishirini."

Tazama mwisho wake. Amesema anaondoka. Usibaki kuchungulia, usifuate nyayo, usiende kuwasemesha. Mtu mwenye mzigo wa nyama au pembe anajua kifungo kinachomngoja, na wewe ndiye shahidi. Ukikutana nao uso kwa uso, wewe ni mpita njia tu: hukuona kitu, salamu, unaendelea na safari.

Mzoga, mtego, sumu

Ukikuta mzoga, simama pale pale ulipo. Nyayo, vipande vya sigara, maganda ya risasi, kamba, jiko la mawe, vyote hivyo vinazungumza mahakamani, na mguu wako unavinyamazisha. Piga picha ukiwa mbali ili mazingira yaonekane, kisha katikati, kisha karibu ukiweka kitu cha kulinganishia kama kalamu. Rudi kwa njia uliyojia. Usiokote ganda la risasi hata kwa nia njema. Alama za vidole zitakuwa zako, na hakimu atauliza lilitoka wapi. Mabaki nayo usiyachezee. Mwaka 2015 timu ya mwanasayansi Samuel Wasser ilichapisha utafiti ulioonyesha kwamba vinasaba kwenye meno ya tembo yaliyokamatwa vinaweza kusema tembo hao waliuawa sehemu gani ya Afrika. Kwa hiyo kipande cha mfupa au ngozi ulichokiacha mahali pake kinaweza siku moja kuunganishwa na mzigo uliokamatwa mbali sana na hapo.

Kama kuzunguka mzoga kuna tumbusi, mbweha au mbwa waliokufa, au hata nzi waliokufa juu ya nyama, hesabu kuwa kuna sumu. Usiguse chochote, usimruhusu mbwa wako kusogea, na neno "sumu" liwe kwenye sentensi ya kwanza. Majangili huwatilia sumu tumbusi kwa makusudi, maana tumbusi wakizunguka angani askari wanajua pa kwenda. Juni 2019 nchini Botswana walikutwa tumbusi 537 wamekufa kwa mizoga ya tembo watatu tu. Saa mbili za kuchelewa kwenye tukio kama hilo ni ndege wengine wanaotua.

Mtego wa waya ni jambo gumu zaidi kwa moyo. Mkono unakutuma uung'oe palepale. Mimi nashauri upige simu kwanza, uulize. Aliyeutega lazima atarudi kuukagua, na askari wanaweza kuulalia lindo. Ukiung'oa umeokoa mnyama mmoja, na mtegaji atatega mingine kumi. Lakini wakikuambia hawawezi kuja, na wakakuruhusu kuutoa, piga picha, chukua vipimo vya mahali, kisha utoe na uwakabidhi. Kawaida mitego huwa mingi kwenye mstari mmoja, hivyo tazama mbele na nyuma kabla ya kusogea. Kama mnyama bado mzima kwenye tanzi, usimkaribie. Maumivu humfanya swala mdogo avunje mtu mguu. Sema yuko hai, sema ni mnyama gani na ameshikwa wapi, ili daktari wa wanyama aje na dawa inayomfaa.

Picha zako ziache zilivyo. Programu nyingi za kutumiana ujumbe hupunguza ubora wa picha na kufuta taarifa za mahali na saa zilizofichwa ndani yake. Tuma kama faili, na ile ya asili ibaki kwenye simu. Na nakuomba sana: usiirushe mitandaoni kabla ya kesi. Majangili wanasoma kama sisi tunavyosoma. Picha ya faru mzima yenye kilima kinachotambulika nyuma yake imeshawaambia mahali pa kwenda.

Biashara inayofanyika mtandaoni inataka mkono mwingine kidogo. Ukiona tangazo la kakakuona, kasuku wa porini au vinyago vya pembe, piga picha ya skrini nzima ionekane jina la akaunti, tarehe, bei, namba ya simu na anwani ya ukurasa. Peleka kwa mamlaka kwanza, kwa mtandao wenyewe baadaye, kwa maana mtandao ukilifuta tangazo ushahidi nao umekwenda. Usiulize bei, usijifanye mnunuzi. Sheria za nchi nyingi hazitofautishi mtego wako na ununuzi wa kweli, na ukimshtua muuzaji atahamia akaunti nyingine jioni hiyo hiyo. Kuhusu kakakuona, watu huniuliza kama labda muuzaji ana kibali. Tangu uamuzi wa mkutano wa CITES wa mwaka 2016, aina zote 8 za kakakuona ziko kwenye orodha ya juu kabisa ya mkataba huo, na biashara yake ya kimataifa kwa faida imepigwa marufuku.

Jina lako

Unaweza kutoa taarifa bila jina, au ukatoa jina na kuomba litunzwe siri. Ni vitu viwili tofauti. Bila jina, hakuna wa kukupigia kuuliza "ng'ambo ipi?", na taarifa nyingi nilizozipoteza zilipotea kwa swali moja lililokosa wa kujibu. Jina la siri linaturuhusu kurudi kwako. Lakini uliza kabla ya kulitaja: litaandikwa wapi, nani analiona, litasomwa kwenye redio? Kituo kimoja nilichokijua kilitamka jina la mtoa taarifa redioni, na redio ile ilisikika kwenye kila gari na kila lindo. Mtu yule ilibidi ahame. Kama majibu hayakuridhishi, kaa na namba ya simu pekee au jina la kupanga.

Hatari hii si ya kufikirika. Wayne Lotter, aliyetumia miaka mingi kusaidia kuwafichua majangili wa tembo, aliuawa kwa risasi Dar es Salaam Agosti 2017. Huna haja ya kuogopa kila kivuli, lakini usimwambie yeyote kwamba ulipiga simu, hata rafiki atakayefurahi kusikia. Askari wakija kwako, waombe wasije na gari la kazi mchana kweupe.

Baada ya kukata simu

Kabla hujakata, omba vitu vitatu: jina au namba ya aliyekupokea, namba ya tukio, na saa utakayopigiwa au utakayopiga. Viandike hapo hapo. Taarifa yenye namba ya tukio ina mtu atakayeulizwa siku moja kwa nini hakwenda. Nakwambia kutoka upande ule wa meza: kitabu kilipojaa, nilianza na wale niliojua watapiga tena.

Kama jambo lilikuwa linaendelea na nusu saa imepita kimya, piga tena, taja namba ya tukio, ongeza kilichobadilika: "gari limeondoka, limeelekea kaskazini". Kama ni jambo lililopita, subiri siku mbili tatu, kisha uliza kwa upole. Ukiona hakuna kitu, andika. Barua au barua pepe ya nusu ukurasa: tarehe, saa, mahali, ulichoona, uliyezungumza naye, namba ya tukio, na swali moja, "Ni hatua gani imechukuliwa?" Mpelekee mkuu wa kituo. Akinyamaza, mpelekee aliye juu yake, ukiambatanisha ya kwanza. Usitukane wala usitishie. Karatasi mbili zenye tarehe zina uzito kuliko simu kumi za hasira.

Na kama unashuku kwamba wa ndani wanahusika? Hutokea, na husikitisha kuliko kitu chochote. Dalili yake mara nyingi ni hii: kila ukipiga, majangili wameshaondoka nusu saa kabla. Hapo usipige kituo kile tena. Nenda kwenye ofisi ya ngazi ya juu, au taasisi nyingine kabisa: polisi, chombo cha kupambana na rushwa, ofisi ya waendesha mashtaka. Waambie pia kwa nini hukupitia kituoni, na orodhesha tarehe za simu zako za awali na matokeo yake. Usimtaje mtu kama huna ulichokiona. Tarehe zikipangwa vizuri zinatosha kuwaongoza.

Ukifika wakati kesi imefunguliwa, unaweza kuitwa shahidi. Wengi hukimbia hapa, na siwalaumu, ila kesi za wanyamapori hufa kwenye mapengo madogo. Mwaka 2016 mahakama ya Mombasa ilimfunga mtu miaka 20 kwa shehena ya zaidi ya tani 2 za meno ya tembo, na 2018 Mahakama Kuu ikaifuta hukumu hiyo baada ya kuona ushahidi hautoshi. Uliza mapema kama kuna ulinzi wa mashahidi, kama unaweza kutoa ushahidi faragha, na nani atalipa nauli yako. Peleka maandishi yako ya siku ile, yale yale, hata kama mwandiko ni mbaya na karatasi ina tope.

Yule mama wa nyuma ya shule aliitwa miezi tisa baada ya simu yake. Wakili wa utetezi alimuuliza atakumbukaje saa ya usiku ule. Akatoa daftari la mazoezi la mwanawe, akafungua ukurasa wa mwisho, akamsomea hakimu: saa saba kasoro dakika tano, usiku wa kuamkia Ijumaa, watu wanne, mmoja anachechemea. Kizimbani walikuwa wanne, na wakati wa kutoka mmoja wao alichechemea.